Kuihifadhi Sampu ya Gari la Kale

Jioni ya leo nimekusudia kusema na wenye magari ya kale, yaani wale mabwana na mabibi ambao, badala ya kununua gari jipya lenye kila raha, wamechagua kulihuisha gari la zama za baba zao, wakalipaka rangi, wakabadilisha hiki na kile, na sasa wanatembea nalo barabarani kwa furaha ambayo hata mimi, nisiyekuwa na gari la namna hiyo, huionea wivu wa halali.

Nataka tuzungumze juu ya sampu. Yamkini yuko aliyeketi hapo na kikombe chake cha kahawa anayeuliza, sampu ndiyo nini? Sampu ni lile beseni la chuma lililofungwa chini kabisa ya injini, ambamo hukaa oili, takriban lita 3 au 4 katika magari mengi madogo ya zamani. Ndani ya oili hiyo umezamishwa mdomo wa pampu, wenye kichujio cha waya, na mdomo huo umewekwa karibu mno na sakafu ya sampu, pengine nafasi isiyozidi unene wa kidole, kwa makusudi kwamba oili ikipungua, au ikikimbilia upande mmoja gari linapokata kona, pampu isije ikavuta hewa. Pampu huifyonza oili, huisukuma hadi kwenye beringi za krenki na kila mahali ambapo chuma hukutana na chuma, kisha oili huteremka yenyewe kurudi ilikotoka. Ikumbukeni, tafadhalini, ile nafasi ya unene wa kidole baina ya mdomo wa pampu na sakafu, maana nitairejea punde.

Sasa, kwa nini nimewachagua wenye magari ya kale, na hasa yale yaliyobadilishwa, ilhali kila gari lina sampu? Nitakwambieni. Mhandisi aliyelibuni gari la Peugeot 404, au Ford Escort, au ile Datsun ndogo iliyojaa katika miji yetu siku zile, alikwisha kufanya hesabu yake: akajua springi zina urefu gani, mipira ina ukubwa gani, gari likipakia watu litashuka kiasi gani, na baada ya hayo yote akaiweka sampu mahali ambapo aghalabu haitagusa kitu. Hesabu ile ni moja, na kila sehemu yake imeshikana na nyingine. Anapokuja mwenye gari, baada ya miaka hamsini, akaagiza springi zikatwe ili gari lilale chini na lipendeze, au akang'oa injini ya asili na kutia injini ya gari jingine ambayo sampu yake ina kina kirefu zaidi, hesabu ile huvunjika. Nami simlaumu, maana gari ni mali yake na uzuri ni jambo la mtu na macho yake. Walakin inampasa aifanye hesabu upya, na hapo ndipo wengi hughafilika: hutazama nafasi iliyopo baina ya tairi na ukingo wa bodi, wakafurahi, wala hawainami kutazama chini ya injini.

Basi na tuulize: sampu ikipigwa na jiwe, hudhurika vipi? Kila mtu atajibu kwa haraka kwamba itatoboka, na oili itamwagika. Naam, hutokea, na kwa kweli msiba wa namna hiyo una rehema ndani yake, kwa kuwa mwenye gari huona mstari mweusi nyuma yake, au huona dimbwi chini ya injini, akasimama. Msiba ninaouogopa zaidi ni ule usioonekana. Sampu nyingi za zamani zimefinyangwa kwa bati jembamba, pengine la milimita moja na nusu tu, na bati la namna hiyo likipigwa taratibu na jiwe la mviringo halipasuki; hubonyea kwa ndani. Tuseme bwana mmoja amepita juu ya kisiki njiani akitoka shamba, akasikia mshindo chini ya miguu yake, akafika gereji na kumwambia fundi atazame. Fundi akalala chini, akapitisha kitambaa, akasema, "Hapana kitu, mzee wangu, pakavu kabisa, ni bonde dogo tu." Mzee akashukuru, akaenda zake. Je, mmeikumbuka ile nafasi ya unene wa kidole? Bonde lile dogo limeinyanyua sakafu ya sampu ikaukaribia mdomo wa pampu, au imeuziba kabisa, na pampu inafyonza kwa shida. Mjini, kwa mwendo wa pole, huenda asione dalili yoyote. Siku atakayokwenda safari ndefu, injini ikizunguka kwa kasi na beringi zikidai oili nyingi, ndipo itakapomwishia, na injini itanoki ilhali kijiti cha kupimia kinaonyesha oili imejaa tele.

Kwa hiyo narudia, na mnisamehe kwa kurudia: kutovuja si ushahidi wa salama. Sampu iliyobonyea chini ya mdomo wa pampu yapasa ifunguliwe, inyooshwe, na bomba la kufyonzea litazamwe kama halikupinda wala kupata ufa, kisha irudishwe na gasketi mpya. Kazi hiyo ni ya nusu siku katika magari mengine, na katika mengine, ambayo boriti ya chesisi imepita chini ya injini, hulazimu injini yenyewe kunyanyuliwa kidogo. Ni udhia, lakini ni udhia mdogo kuliko kusaga krenki.

Kabla sijaendelea niseme neno moja la pembeni. Mabonde mengi niliyoyaona katika sampu za magari ya kale hayakufanywa na jiwe wala tuta. Yamefanywa na jeki. Kijana wa gereji ana haraka, anatafuta mahali pa kuegemeza jeki, anaona kitu kipana katikati ya gari, naye anapandisha gari zima juu ya beseni lile la bati. Mwenye gari na amwambie fundi wake, kwa adabu lakini kwa mkazo, kwamba jeki mahali pake ni penye chesisi au chini ya ekseli, si penye sampu.

Haya, tuendelee. Si sampu zote za bati. Nyingine zimesubiwa kwa aluminiamu, na hizo hazibonyei; hupasuka. Na yako magari ambayo ndani yake sampu ni zaidi ya beseni la oili. Mini, ile gari ndogo ya Kiingereza aliyoibuni Alec Issigonis na kutokea mwaka 1959, ina ajabu yake: gia boksi imewekwa chini ya injini, na vyote viwili hunywa oili moja, kiasi kwamba gamba la chini kabisa la gari ndilo gamba la gia boksi lenyewe. Jiwe likilivunja, limevunja nyumba ya gia pamoja na hazina ya oili kwa pigo moja. Ndiyo maana Mini zilizoshindana katika mbio za Monte Carlo, zikashinda mwaka 1964, na 1965, na tena 1967, hazikutoka kiwandani kwenda njiani bila bamba nene la kinga chini ya tumbo.

Na hapa sina budi kusimama kidogo penye Volkswagen Beetle, maana wengi wenu mnayo, na habari yake ni ya pekee. Beetle ya asili haina sampu inayoning'inia hata kidogo. Oili yake, lita mbili na nusu tu, hukaa ndani ya gamba la injini lenyewe, lililosubiwa kwa madini mepesi ya magnesiamu, na chini yake pana kisahani cha duara kilichofungwa kwa nati 6, basi. Gari hilo liliposhinda mbio za magari za Safari, za huku kwetu Afrika Mashariki, mwaka 1954, na 1957, na 1962, katika njia za tope na mawe zilizowavunja wenye magari makubwa, haikuwa kwa nguvu, maana nguvu haikuwa nazo. Sehemu mojawapo ya siri yake ni kwamba chini yake palikuwa bapa, pasipo na kitu cha kukamatwa na jiwe.

Lakini lita mbili na nusu ni chache kwa injini iliyoongezwa nguvu, na kwa hiyo wanaozibadilisha injini hizo hununua kisanduku cha aluminiamu cha kufunga chini pale penye kisahani, ili wapate lita moja na zaidi ya nyongeza, na ili mdomo wa pampu uzame chini zaidi usikose oili katika kona. Shauri la kisanduku hicho ni zuri kwa njia ya lami. Ila tazameni matokeo yake: gari ambalo halikuwa na kitu cha kugongwa sasa limepewa kitu cha kugongwa, tena nyuma ya ekseli ya nyuma, mahali ambapo dereva hana hisia napo, magurudumu ya mbele yamekwisha pita salama, yeye ameshasahau tuta, ndipo nyuma inaposhuka na kisanduku kinapogonga. Na kisanduku hicho kimeshikwa na zile stadi nyembamba zilizopandwa ndani ya gamba la magnesiamu, kwa hiyo pigo likiwa kali haliishii kwenye kisanduku cha bei rahisi, bali stadi hung'oka na kipande cha gamba, na kumpata fundi wa kuchomelea magnesiamu ni kazi. Rai yangu kwa mwenye Beetle anayekwenda njia za mashamba ni kwamba, akihitaji oili zaidi, anunue kile kisanduku chembamba kilichotanuka kwenda pembeni badala ya kwenda chini, au aongeze filta na kipoza oili vya nje, vifungwe juu na mbali na mawe, kwani mabomba na filta navyo hubeba oili.

Nikitoka hapo naingia katika swali ambalo kila mtu huanza nalo, nami nimelichelewesha kwa makusudi: je, nifunge bamba la kinga, lile mafundi wanaloliita sampu gadi? Jawabu langu ni kwamba, kabla ya bamba, pima. Na kupima kwenyewe kuna kanuni yake. Watu hupima gari likiwa tupu, limesimama uwanjani, wakakuta baina ya sampu na ardhi pana sentimita 14, wakaridhika. Huo si upimaji. Lipakie gari kwa namna unavyosafiri nalo: mke mbele, watoto na bibi yao nyuma, magunia mawili ya mchele katika buti, na tangi limejaa petroli. Pima tena. Kisha uliza, springi zikibonyea mpaka mwisho, mpaka zikutane na zile raba za kuzizuia, sampu itakuwa wapi? Katika gari lililokatwa springi, na hasa likiwa limeondolewa zile raba ili lishuke zaidi, huenda ukakuta kwamba siku gari likitumbukia shimoni, kitu cha kwanza kugusa ardhi ni sampu yenyewe. Gari la namna hiyo haliponyeki kwa bamba lolote. Dawa yake ni springi ngumu zaidi na ndefu zaidi, zenye urefu uliokusudiwa, na raba zake zirudishwe, na pengine mipira yenye mduara mkubwa kidogo, kwa kuwa mpira ndio pekee unaoinua ekseli yenyewe.

Na kwa aliyehamisha injini ipo njia nyingine, ambayo ni kuibadilisha sampu. Ziko injini ambazo shimo lake la oili liko mbele, na nyingine liko nyuma, na nyingine katikati, na kiwanda kimoja huweza kuitoa injini ile ile kwa sampu mbalimbali kulingana na gari inamoingia, kwa hiyo mtu asikubali ile iliyokuja na injini eti kwa sababu imekuja nayo. Pengine ipo ndugu yake iliyotengenezewa gari la chini. Isipopatikana, fundi mjuzi ataikata sampu chini, ataipunguzia kina, kisha ataitanua mbavuni ili kipimo cha oili kibaki kile kile. Hapo mambo mawili yasisahauliwe. Bomba la kufyonzea lipunguzwe kwa kadiri ile ile sampu ilivyopunguzwa, ile nafasi yetu ya unene wa kidole ibaki. Na ndani mfungwe vizuizi vya bati, maana oili katika beseni pana na fupi hukimbia huku na huku, na gari likifunga breki kali mdomo wa pampu huachwa mkavu. Baada ya kuchomelea, sampu ijazwe mafuta ya taa na kuachwa usiku kucha juu ya karatasi kavu. Palipo na tundu la sindano patajionyesha asubuhi.

Matajiri wanayo njia ya tatu, ile ya sampu kavu, ambamo oili haikai chini ya injini bali huvutwa na kuwekwa katika tangi la pembeni. Porsche 911 za kupozwa kwa upepo zilitoka kiwandani hivyo tangu 1964, na ni mpango wa hekima kubwa. Kwa mtu aliyetia injini ya Toyota katika Datsun yake, gharama ya mpango huo huweza kupita thamani ya gari, kwa hiyo nitaupita.

Haya basi, umekwisha pima, umekwisha rekebisha springi na sampu, na bado njia yako ina mawe. Pwani yetu mwaijua, ukitoka lami ukaingia njia za maweni, mwamba wa matumbawe umechomoza katikati baina ya alama mbili za magurudumu, na majani yameufunika. Hapo funga bamba. Lakini nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu yote. Kinachoikinga sampu ni nafasi iliyopo baina ya bamba na sampu. Chuma ni cha kuilinda nafasi hiyo tu. Bamba lililobanwa likagusana na sampu, au lililofungwa kwa bolti za sampu yenyewe, kama nilivyopata kuona, halikingi kitu. Hulipokea pigo na kulikabidhi kwa sampu pale pale, tena kwa upana zaidi. Nimeona bamba la namna hiyo ambalo mwenyewe alijisifia unene wake, na unene ule ndio uliokuwa unadhuru.

Bamba lishikwe na chesisi, au na ile boriti inayobeba mikono ya magurudumu, yaani mahali palipoundwa kubeba uzito wa gari, ili jiwe likipiga, gari zima ndilo linyanyuke na injini isijue. Na baina yake na sampu iachwe nafasi ya vidole viwili. Kwa nini kiasi hicho? Kwa kuwa bamba hupinda kidogo linapopigwa, na kwa kuwa injini nayo haitulii. Imekalia raba, na gari linapoondoka kwa nguvu au kutua kutoka kwenye tuta, injini huinama na kuyumba. Raba za injini zikiwa zimechakaa, nayo hali hiyo ni ya kawaida katika magari ya kale, huyumba zaidi. Zibadilishwe kwanza.

Mwenye akili ya hesabu ameshaona taabu iliyopo. Nafasi ya vidole viwili, na unene wa bamba juu yake, vinatoka wapi? Vinatoka katika ile nafasi baina ya gari na ardhi. Gari lililofungwa bamba litagonga mara nyingi zaidi kuliko lilivyokuwa likigonga, ila litagonga bila madhara. Na gari lililoshushwa sana halina hata nafasi ya kutolea. Hapo mtu hana hila. Au aliinue gari, au abaki lami.

Magwiji wa Safari walilijua hilo. Mbio zile, zilizoanza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, zilikuwa mauti ya magari: mwaka 1963 yaliondoka magari 84 yakarejea 7, na mwaka 1968 yakarejea 7 tena, na mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki katika Peugeot 404, gari la familia lililokaa juu. Porsche walipokuja mwaka 1978 na 911 zao, ambazo kwa asili ni magari ya kulala chini, jambo walilolifanya ni kuziinua mpaka sentimita 28 kutoka ardhini, na chini yake wakafunga mabamba ya aluminiamu. Waliinua na wakakinga pia, ingawa sampu ile, kama nilivyosema, ilikuwa kavu. Walipata nafasi ya pili mwaka ule, nyuma ya Peugeot. Na tangu mwaka 2003, yalipoanzishwa mashindano ya magari ya kale katika njia zizo hizo, Escort na Datsun na Porsche za wazee zimo tena mavumbini, wala hutaona hata moja iliyokatwa springi.

Sasa bamba lenyewe. La chuma cha kawaida chenye unene wa milimita 3, urefu wa sentimita 80 na upana wa 60, litakuwa na uzito wa kilo 11 hivi; la aluminiamu yenye unene maradufu litakuwa kilo 8. Aluminiamu ni nyepesi, ila mwamba huichimba. Chuma huteleza vizuri zaidi, na fundi yeyote wa jua kali anaweza kukinyoosha kwa nyundo. Mimi kwa gari la matumizi ya kawaida napenda chuma. Upande wa mbele ukunjwe kwenda juu kama omo la jahazi, ili bamba lipande juu ya jiwe badala ya kulichimba. Vichwa vya bolti vizamishwe ndani ya bamba, kwani kichwa kilichochomoza hukatwa na mwamba wa kwanza, na siku ya kufungua bamba utajuta. Penye bolti ya kumwagia oili patobolewe tundu la kutosha, ili fundi asipate udhuru wa kuacha kubadilisha oili.

Na hewa, jamani, hewa. Upepo unaopita chini ya sampu huipoza oili, na bamba lililofunika kila mahali huuzuia. Uachie upepo njia ya kuingia mbele na kutokea nyuma. Kwa Beetle jambo hili ni la faradhi, maana hewa yote iliyopoza injini ile hutolewa kwa chini, na ukiiziba kwa bamba umeirudishia injini joto lake. Huko hufaa fito nene za bomba zilizopindwa zikapita chini ya injini, ambazo hupokea jiwe na kuupisha upepo. Kadhalika majani makavu. Hujikusanya juu ya bamba, karibu na bomba la ekzosi lenye moto, yakalowana oili iliyodondoka, na hapo sina haja ya kueleza kinachofuata. Kila ukirudi shamba, pitisha maji au mkono.

Nimebakiwa na muda mchache, nami sijasema neno juu ya udereva. Nitasema moja. Tuta halipandwi huku breki imeshikwa. Unapofunga breki, pua ya gari huinama, springi za mbele hubonyea, na katika gari lenye injini mbele, sampu iko papo hapo nyuma ya magurudumu yale. Umeishusha wewe mwenyewe mpaka kwenye tuta. Punguza mwendo mapema, kisha uachie breki kabla magurudumu hayajagusa, pua inyanyuke, upite. Watazameni wenye magari ya chini katika matuta ya mjini, mtaona wengi hufanya kinyume.

Na ukigonga? Usijitie moyo kwa kusema ni kidogo. Simama mahali pa salama, zima injini, tazama chini. Taa nyekundu ya oili ikiwaka njiani, usiseme nifike tu pale kituoni, kwani taa hiyo huwaka presha ikiwa imekwisha kuanguka karibu na sufuri, na dakika chache za kuendelea zatosha kuziunguza beringi. Afadhali mwenye gari la kale afunge geji ya presha, ya mshale, ambayo humwonyesha upungufu ungali mdogo. Palipopata ufa mdogo katika sampu ya bati, mwaga oili, pasafishe kwa petroli mpaka pang'ae, pakwaruze, upake gundi ya chuma ya kuchanganya sehemu mbili, ungoje ikauke kabisa, kisha utie oili na uende polepole hadi kwa fundi wa kuchomelea. Vifaa hivyo, gundi, msasa, kitambaa, na galoni ya oili, vyenye kutosha katika mfuko mdogo, na vikae katika buti pamoja na jeki, ambayo mahali pake pa kuegemea nimekwisha kupataja.

Juma lijalo, inshallah, nitajibu wale walioniletea barua kuuliza juu ya radieta za shaba, na kwa nini mafundi wa kuzichomelea wamekuwa haba.